Haijawahi Kunigomea

"Hii haijawahi kunigomea hata siku moja," mjomba alisema, huku akiifunua bastola kutoka kwenye kipande cha kanga kilichochakaa.

Tulikuwa Kibaigwa, kwenye chumba kidogo nyuma ya ghala lake, mlango umefungwa, vijana wako nje wanapanga magunia. Anaimiliki kihalali miaka mingi sasa. Leseni yake anaitunza kwenye bahasha ya nailoni pamoja na risiti za ushuru wa mazao. Magazini, kile kibweta cha risasi, alikwisha kuichomoa, na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, alinionyesha kuwa iko tupu kabla sijaomba. Adabu ya silaha anayo.

Nikamuuliza mara ya mwisho aliipiga lini.

"Kuipiga?" Akanikazia macho. "Mjomba, nimpige nani?"

Tulicheka wote wawili. Nilipofika Chamwino, ndani ya basi, kicheko kilikuwa kimekwisha na swali limebaki. Tangu ainunue, bastola ile ilikuwa imetoka kwenye sefu kwenda mfukoni na kurudi kwenye sefu. Haikuwahi kupewa nafasi ya kugoma. Mzee wa miaka sitini na ushee alikuwa ameegemeza uhai wake kwenye kitu asichokijua, na sababu yake ya kukiamini ilikuwa kwamba hakijui.

Kwa wiki kadhaa sikuweza kuliacha jambo hili. Nafundisha takwimu chuoni hapa Dodoma, na kila nilipokuwa nasahihisha karatasi za wanafunzi kuhusu sampuli nilikuwa naiona bastola ya mjomba.

Udogo una gharama yake

Wengi wetu tulioshika silaha mara ya kwanza JKT, mimi nikiwa Makutupora, tulishika SMG, bunduki ya kivita. Ile ni chuma kikubwa chenye nafasi ndani. Vumbi likiingia lina pa kukaa. Ukitoka na picha hiyo kichwani, ni rahisi kudhani kwamba bastola ndogo, yenye vipande vichache na risasi dhaifu, itakuwa na matatizo machache zaidi.

Ni kinyume chake, na sababu ziko wazi ukifuatilia kinachotokea ndani.

Risasi ikilipuka, nguvu inayosukuma kichwa cha risasi mbele ndiyo inayolisukuma ganda nyuma, pamoja na slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachoteleza. Ndoano ndogo iliyo kwenye slaidi inalivuta ganda tupu na kulitupa nje. Springi inairudisha slaidi mbele, na ikiwa njiani inaikwapua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Yote haya yanakwisha kabla hujapepesa jicho.

Bastola ya mfukoni ina slaidi fupi na nyepesi. Kitu chepesi kikisukumwa kinakwenda kasi, kwa hiyo mtengenezaji anaweka springi ngumu ili kukizuia. Safari ya slaidi nayo ni fupi. Magazini inabaki na muda mdogo mno wa kuipandisha risasi inayofuata mahali pake. Springi ya magazini ikilegea kidogo, au ganda moja likiwa na uchafu, mpangilio mzima unavurugika. Bastola kubwa ingelisamehe kosa kama hilo.

Wabunifu wanalijua tatizo hili tangu zamani. Risasi ya mjomba ni ya milimita 7.65, ambayo John Browning aliibuni mwaka 1899 kwa ajili ya bastola zilizotengenezwa Ubelgiji. Baadaye kidogo akaleta ndogo zaidi, ya milimita 6.35. Kwa nguvu, hiyo haikuizidi sana risasi ya .22 iliyokuwapo tayari. Faida yake ilikuwa kwamba fataki yake, ile inayowasha baruti, iko katikati ya kitako cha ganda, wakati ya .22 imesambazwa kwenye ukingo, na fataki ya ukingoni inagoma mara nyingi zaidi. Watu walikubali kulipia risasi ghali zaidi isiyowazidishia nguvu yoyote ya maana, ili tu iwake kila inapopigwa.

Nami naona walifanya hesabu sahihi.

Bambo

Swali la mjomba lina jibu la darasani. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi: ukikijaribu kitu mara kadhaa na kisishindwe hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio. Unachopata ndicho kiwango cha juu cha kushindwa ambacho bado hujakiondoa, kwa uhakika wa asilimia 95.

Piga risasi 50 bila tatizo. Tatu gawanya kwa hamsini ni asilimia 6. Bastola inayogoma mara 6 katika kila risasi 100 bado inaweza kujificha nyuma ya matokeo hayo mazuri. Na bastola inayogoma asilimia 6, ukiipa magazini ya risasi saba, ina uwezekano wa asilimia 35 hivi wa kugoma kabla magazini haijaisha.

Piga 200, kama wapenzi wengi wa bastola wanavyoshauri. Unashuka hadi asilimia 1.5. Kwa magazini ileile ya saba, bado ni kama mara moja katika kila kumi.

Piga 300, unafika asilimia 1.

Huko Marekani mtu anaingia dukani na kutoka na boksi za risasi, kwa hiyo kumwambia apige 200 ni kumpa kazi ya wikiendi moja. Kwetu risasi zina kibali, zina idadi, na zina bei inayomfanya mfanyabiashara wa mahindi akune kichwa. Nilipomtajia mjomba 200 alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeoa tajiri.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza kuhamia kwenye hesabu yenyewe. Kanuni ile inachukulia kwamba kila risasi ni jaribio lenye hali ileile. Bastola haigomi kwa bahati nasibu, inagoma kwa sababu fulani. Na wafanyabiashara wa nafaka wanalijua hili kuliko sisi wa chuoni: mnunuzi akichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli ya nafaka, sehemu moja ya gunia, hata akichoma mara hamsini palepale, anachokijua ni pale tu alipochoma. Risasi 200 zilizopigwa asubuhi moja yenye baridi, kwa bastola iliyotoka kusafishwa, na mikono ya kijana mwenye nguvu, ni bambo la kona moja.

Risasi chache zilizotawanywa vizuri zinaweza kukuambia zaidi.

Asubuhi ya shabaha

Kupata ruhusa ya kutumia uwanja wa shabaha kulichukua muda wake, na sitawachosha nayo. Tulikwenda mapema kabla upepo wa kiangazi haujaanza. Askari msimamizi alikuwa mtu mpole mwenye salamu za Kigogo kwa kila mzee. "Mbukwa" yake tu ilimtoa mjomba nusu ya wasiwasi.

Nilikuwa nimeziwekea magazini mbili alama ya rangi ya kucha, moja nyekundu na nyingine haina kitu. Mjomba aliniuliza rangi ile nimeipata wapi, nikamwambia aendelee na kazi.

Magazini nyekundu ilipita bila neno.

Ile nyingine ilikwama karibu mara moja. Si ule mkwamo wa kuvuta slaidi ukaendelea. Ilifunga kabisa, risasi ya juu haiendi mbele wala hairudi. Askari aliichomoa, akaitazama kwenye mwanga, akanionyesha. Ganda la 7.65 lina ukingo mdogo uliotokeza kwenye kitako chake. Ukingo wa risasi ya juu ulikuwa umeteleza nyuma ya ukingo wa risasi ya chini yake, zikashikana kama ndoano mbili. Ukikoki, yaani ukivuta slaidi, kwa bastola iliyoshikana hivyo unapoteza muda bure. Lazima magazini itoke na risasi zitolewe kwa mkono.

Risasi zenyewe zilikuwa mchanganyiko. Nyingine zilikuwa za kichwa kizima cha mviringo, nyingine za kichwa chenye tundu, ambazo ni fupi kidogo. Ufupi ule unaziachia nafasi ya kucheza mbele na nyuma ndani ya magazini, na nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu kingo kuvukana. Mjomba alizinunua kwa nyakati tofauti, akazipanga pamoja kama mtu anavyochanganya betri za tochi.

Tukazitenga. Zile za kichwa kizima zikapita kwenye magazini zote mbili, ingawa ile isiyo na rangi iliendelea kuwa nzito kuipandisha risasi ya mwisho. Springi yake imechoka.

Kisha mjomba akapiga kwa mkono mmoja.

Ganda tupu likasimama wima kwenye tundu la kutokea, limebanwa na slaidi. Akarudia, likatokea tena. Askari akaichukua, akapiga kwa mkono mmoja vilevile, hakuna kitu. Akamwambia mjomba kwa upole kwamba mkono wake unarudi nyuma pamoja na bastola. Slaidi inahitaji kitu kilichotulia cha kusukumana nacho. Kiganja kikilegea, inakosa nguvu ya kumaliza safari. Bastola nzito ina uzito wake wa kuisaidia. Hii ya mfukoni, ambayo mpini wake unashikwa na vidole viwili na cha tatu kinaning'inia, inamtegemea mshikaji.

Kwa hiyo bastola ilikuwa nzima mkononi mwa askari na mbovu mkononi mwa mwenyewe.

Nilikaa muda mrefu na jambo hilo. Tunaulizana "bastola gani haigomi?" utadhani jibu limefungwa ndani ya chuma. Pale uwanjani tulikuwa na chuma kilekile, asubuhi ileile, na majibu mawili.

Mfuko wa mfanyabiashara wa mahindi

Sasa ongeza Dodoma.

Hapa kwetu vumbi haliombi ruhusa. Ndani ya ghala kuna vumbi la nafaka juu ya vumbi la kawaida, na msimu wa alizeti kuna vimaganda. Nilipotoa springi na kuiangalia kwa tochi niliona ute mzito wa kahawia: mafuta ya cherehani, vumbi na nyuzi za mfukoni, vyote vimekandwa pamoja. Mjomba aliiongezea mafuta kila wiki kwa nia njema. Katika hali kama yetu mafuta mengi yanakamata vumbi. Yanatosha kidogo tu kwenye reli za slaidi, halafu futa mpaka udhani umeyamaliza. Ndani ya magazini usiweke kabisa, kwa sababu mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiua risasi bila alama yoyote nje.

Jasho ni adui wa pili. Upande wa bastola unaokaa karibu na paja ulikuwa na madoa ya kutu, upande wa nje ni safi. Kifuko cha ngozi cha mfukoni kinasaidia, ilimradi mfuko huo usiwe na kitu kingine. Wa mjomba ulikuwa na funguo, sarafu na kijiti cha kuchokolea meno.

Kijiti kile kilinitisha kuliko vumbi lote. Kinaweza kuingia nyuma ya triga.

Halafu kuna desturi ambayo yeye aliiona ya usalama, na kwa nusu ni kweli. Kila jioni anaitoa risasi ya chemba kabla ya kuweka bastola kwenye sefu. Asubuhi anairudisha juu ya magazini na kukoki. Risasi ileile, miezi kwa miezi. Kila inapoingia chemba, kichwa chake kinagonga njia ya kupandia, na kidogo kidogo kinasukumwa kuingia ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na ikilipuka presha inakuwa kubwa kuliko iliyokusudiwa. Nilipoisimamisha juu ya meza kando ya risasi mpya, tofauti ilionekana kwa macho, bila hata rula.

Mjomba aliishika muda mrefu akiigeuzageuza. "Kumbe hii ndiyo ingetoka ya kwanza," alisema.

Tuliikabidhi kwa askari.

Isipotakiwa

Mpaka hapo nilikuwa nahangaika na upande mmoja tu: je, italia ikihitajika? Kilichonigeuza ni kusoma kuhusu bastola moja ndogo maarufu ya Kimarekani, Ruger LCP, iliyoingia sokoni mwaka 2008. Ina gramu kama 270, nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kusahau kuwa imo mfukoni. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kampuni iliziita kiwandani zile za mwanzo, kwa sababu ziligundulika kuwa zinaweza kufyatuka zikianguka na risasi iko chemba. Walizirekebisha bila malipo, na mtindo huo uliendelea kuuzwa kwa wingi sana.

Angalia maana yake. Mtu angeweza kupiga risasi zake 200 na zote zikatoka. Jaribio lake lisingegusa kabisa kasoro ile.

Bastola nyingi ndogo za zamani hazina kizuizi cha kuishika pini inayoigonga fataki mpaka triga ivutwe. Zinategemea springi, kitufe cha usalama, na bahati ya sakafu. Ukihesabu siku za maisha ya mjomba, zile ambazo bastola inatakiwa kunyamaza ni karibu zote. Anainama kufunga gunia, anapanda bodaboda, anasinzia kwenye kiti ghalani wajukuu wakimzunguka. Kulia siku moja ni kazi yake ya nadra. Kunyamaza ni kazi ya kila saa, na hiyo hakuna anayeipima uwanjani.

Nikamshauri abebe chemba ikiwa tupu. Nilijiona nimemaliza kazi.

"Sawa," alisema. "Basi nitakoki ikihitajika." Akaishika bastola tupu, akavuta slaidi.

Haikuja.

Akajaribu tena, uso umekunjamana. Ile springi ngumu niliyoieleza juu, iliyowekwa kwa sababu slaidi ni nyepesi, na kile kipande kifupi cha chuma kisicho na pa kushika, vilikutana na vidole vilivyobeba magunia maisha yote na sasa vina baridi yabisi. Ilifunguka mara ya tatu, na alipoiachia alikuwa anahema. Asubuhi zake zote za kukoki, kumbe, zilikuwa kazi ya dakika nzima mezani, bastola imebanwa kifuani.

Sikuwa na la kusema. Chemba yenye risasi naiogopa, chemba tupu yeye haiwezi.

Kwa hiyo?

Dawa zipo. Kuna bastola ndogo za Beretta ambazo mtutu wake unainuka kwa nyuma ukibonyeza kitufe, unaweka risasi moja kwa mkono, unaufunga, bila kuvuta slaidi. Ile iitwayo Tomcat, ya mwaka 1996, inatumia 7.65 kama yake. Kuna bastola ndogo za mzunguko, ambazo hazina slaidi wala magazini, ila triga yake ni nzito na kwa vidole vile sijui kama tungekuwa tumehama tatizo au tumelibadilisha chumba tu. Kubadili silaha ni kuanza upya maombi, na mjomba hana hamu ya kupanda ngazi za ofisi.

Kulikuwa na shaka nyingine ambayo sikumwambia. Kila nilipoisafisha na kuondoa kasoro moja, niliona anazidi kuiamini. Sikutaka hilo. Mtu mwenye bastola anayoishuku huenda akakubali kumpa jambazi mfuko akabaki na roho yake. Mwenye bastola iliyopasishwa na mwalimu wa takwimu huenda akafikiria vingine.

Na nimewahi kumwambia mama kwamba mwaka uleule wa 2008, Ruger wakizindua kile kijibastola, M-Pesa nayo ilikuwa inaanza Tanzania. Kama ungenitaka nitaje ni uvumbuzi upi wa mwaka ule uliomlinda zaidi mnunuzi wa mahindi asiviziwe njiani, nisingesitasita. Mjomba bado analipa wakulima wengine taslimu, kwa sababu wapo wasiotaka makato. Hela taslimu ndiyo inayobeba hatari, bastola inaifuata nyuma.

Wiki iliyopita alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za wote, akaingia moja kwa moja: "Sasa mjomba, niiamini au nisiiamini?"

Nikamwambia ninavyoona. Magazini nyekundu, yenye risasi mpya za kichwa kizima zote za aina moja, mikono miwili: ndiyo, kwa kiasi. Magazini ya pili: hapana, mpaka ipate springi mpya. Mkono mmoja: hapana. Chemba yenye risasi mfukoni: hapana kabisa, kwa bastola ya umri ule. Na kama ingekuwa yangu, nisingeibeba.

Alinyamaza kwa muda, nikasikia mizani na vijana nyuma yake.

"Hiyo springi," akauliza, "inapatikana Dodoma au mpaka Dar?"

Bado anaibeba. Chemba iko tupu na mfuko hauna kijiti. Siku ambazo vidole vimekataa anaiacha kwenye sefu na kuwaambia wateja wampelekee hela benki.